Namna ya Kulifungua Jina la Kiyoruba

Mgongoni mwa jezi ya Arsenal pameandikwa SAKA, na vijiwe vya kahawa vimelitamka jina hilo mpaka limekuwa kama la mtaani. Majina yake mengine matatu hayaandikwi mgongoni: Bukayo Ayoyinka Temidayo. Lifungue la kwanza utakuta “ongezea furaha”. La pili, “furaha imenizunguka”. La tatu, “langu limekuwa furaha”. Kitoto cha siku chache, furaha mara tatu. Aliyempa majina hayo hakuwa akimsifu mtoto, maana mtoto alikuwa hajatenda neno. Alikuwa akitoa habari za nyumba.

Hilo ulishike kabla ya mengine yote. Jina la Kiyoruba ni sentensi, na mara nyingi anayesimuliwa humo siye mwenye jina. Wayoruba, ambao kwao ni kusini magharibi mwa Nigeria pamoja na sehemu za Benin na Togo, wana msemo wao: Ilé là ń wò kí a tó sọ ọmọ lórúkọ. Nyumba ndiyo hutazamwa kabla ya mtoto kupewa jina. Ukijifunza kulifungua jina, unapata kuchungulia nyumba hiyo kupitia dirishani: ni ya wafalme au ya wapiga ngoma, iliomboleza nini mwaka uliopita, baba alikuwa wapi mama alipojifungua.

Mimi niliyajua haya kwa jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama wa Ibadan ambaye jengo zima tunamwita Mama Ayo. Makosa nimeyafanya, na moja nitakusimulia ili wewe usilirudie.

Hatua ya 1: Ulipate jina lote, na alama zake

Wale, Dele, Tunde, Kunle, Yemi, Bisi. Hayo unayoyasikia kwenye muziki na filamu ni mikia tu, vichwa vimekatwa. Anayeitwa Wale huenda ni Adewale, taji limekuja nyumbani. Au ni Olawale, heshima imekuja nyumbani. Mkia ni ule ule, wálé, “kuja nyumbani”, lakini kilichokuja ni tofauti kabisa. Kwa hiyo ukitaka kujua maana, usianze kubahatisha. Uliza, “Wale nani?” Swali hilo halimuudhi mtu, wengi hulifurahia.

Kisha omba uandikiwe jina lenyewe. Pasipoti na mitandao huzitupa alama, na alama ndizo zenye maana. Zipo za aina mbili. Nukta ya chini hubadili herufi: ṣ ni sh yetu, kwa hiyo Ṣọlá ni “Shola”; ẹ na ọ hutamkwa kwa kufungua mdomo zaidi kuliko e na o za Kiswahili. Alama ya juu inaonyesha toni. Mkwaju wa kupanda (á) ni sauti ya juu, wa kushuka (à) ni ya chini, na isiyo na alama ni ya kati. Kuna pia gb, ambayo midomo na koo hufunguka kwa pamoja, na p ya Kiyoruba hutamkwa hivyo hivyo kama kp. Wasomaji wa Kongo wanaoitaja Gbadolite kila siku hapa hawana kazi. Sisi wa pwani tutafanya mazoezi.

Usidhani toni ni urembo. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha kusafiria, ọ̀kọ̀ ni mkuki. Ọlá ni heshima, ọ̀la ni kesho. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni huu: ayọ̀ ni furaha, lakini ukiitoa ile nukta, ayò ni bao, lile lile la vishimo na kete, nao wanalicheza kwa bidii kama wazee wa Zanzibar. Mama Ayo alinicheka wiki nzima kwa kumwita Mama Bao.

Hatua ya 2: Tazama kichwa cha jina

Mwanzo wa jina ndio mlango wa ukoo. Kwa jadi, neno linaloanza jina huonyesha nyumba inashughulika na nini au inaabudu nini. Vichwa vya kukariri kwanza ni hivi:

Adé, taji: nyumba ya kifalme, au inayodai nasaba nayo.
Oyè, cheo cha kimila. Ọlá, heshima na ukuu.
Akin, ushujaa: nyumba za wapiganaji.
Ògún, mungu wa chuma: wahunzi na wawindaji. Ọdẹ ni mwindaji mwenyewe.
Àyàn, wapiga ngoma. Ukikutana na Àyàn popote duniani, muulize habari za ngoma.
Ọnà, wachongaji na mafundi wa nakshi. Ọ̀jẹ̀, watu wa vinyago vya Egúngún, mizimu ya wahenga inayotoka kucheza hadharani.
Ifá na Awo, waaguzi. Mshambuliaji Taiwo Awoniyi anabeba hilo kwenye jina la ukoo: awo ní iyì, uaguzi una hadhi.
Olú au Olúwa, Bwana, kwa maana ya Mungu.

Hicho cha mwisho ndicho kimeenea kuliko vyote siku hizi, na sababu yake ni ya kihistoria. Ukristo na Uislamu ulipoingia nyumba nyingi, watu walikata kichwa cha jina na kubakiza mkia. Penye Ifá au Ògún wakatia Olú, wengine wakatia Jésù kabisa. Ndiyo maana unaweza kukuta ndugu wa ukoo mmoja, wa kijijini ni Ogun na wa mjini ni Olu, na mkia ni ule ule. Babu hakubadilika, kilichobadilika ni aliyeshukuriwa.

Kwa hiyo usiapie kichwa. Adé siku hizi amezagaa hata kwa watu wasio na kiti cha enzi popote, ila wazee bado hukisikia kichwa na kuuliza swali la pili: “Ade wa nyumba gani?”

Hatua ya 3: Shika mkia, na urudishe sauti zilizomezwa

Hapa ndipo wageni hukwama. Maneno yakikutana ndani ya jina, irabu moja humeza nyingine, kama sisi tunaposema “babake” badala ya “baba yake”. Kazi yako ni kuzirudisha.

Chukua Adéwálé. Ndani yake mna adé, wá (kuja) na ilé (nyumba). Ile i imemezwa. Chukua Adémọ́lá, jina la Ademola Lookman, mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2024: adé mọ́ ọlá, taji limeshikamana na heshima. Adédèjì, jina la mwanamuziki Davido: adé di èjì. Di ni kuwa au kugeuka, èjì ni mbili. Taji limekuwa mawili. Ile di umeshaiona kwenye Témidayọ̀: ti èmi ni “langu”, di ni “limekuwa”, ayọ̀ ni furaha.

Mikia inayojirudia ni michache, na ukiijua kumi unaweza kufungua majina mamia. Dé ni kufika. Bọ̀ ni kurudi. Túndé ni kufika tena. Wọlé ni kuingia nyumbani, kúnlé ni kujaa nyumbani. Ṣẹ́gun ni kushinda. Fúnmi ni “nipe”, ndiyo Fúnmiláyọ̀, nipe furaha, jina la yule mama mwanaharakati wa Abeokuta aliyewaongoza wanawake dhidi ya kodi, Funmilayo Ransome-Kuti. Kẹ́ ni kulea kwa mahaba, kudekeza. Na yínká, ambayo ni yí mi ká, “kunizunguka”: mi imefinywa ikabaki n. Ayọ̀yínká, furaha imenizunguka.

Sasa weka neno lingine kwenye kichwa, uone. Ṣóyínká: oṣó yí mi ká. Oṣó ni wachawi. Mkia ni ule ule wa mtoto wa Arsenal, lakini aliyezungukwa hapa amezungukwa na watu wa nguvu za giza, na kwa lugha ya jina hilo hizo si habari mbaya. Ni onyo kwa majirani.

Kuhusu jinsia, usihangaike. Majina mengi hupewa wavulana na wasichana sawia. Ayo, Temitope, Kehinde anaweza kuwa yeyote. Vichwa kama Akin na Baba huelekea upande wa wanaume, na mkia kẹ́ upande wa wanawake. Zaidi ya hapo, subiri umwone mtu.

Hatua ya 4: Uliza kama jina alipewa au alikuja nalo

Yapo majina yasiyochaguliwa na mtu. Yanaitwa àmútọ̀runwá, “yaliyoletwa kutoka mbinguni”. Mtoto anazaliwa nalo kwa namna alivyozaliwa, na mzazi hana hiari.

Aliyetanguliza miguu ni Ìgè. Mvulana aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingoni ni Òjó, msichana ni Àìná. Aliyezaliwa nywele zimejisokota ni Dàda, na nywele zake hazichanwi ovyo. Aliyezaliwa uso ukitazama chini ni Àjàyí. Huyo wa mwisho una mfano wake katika historia: kijana Ajayi, aliyetekwa na wafanyabiashara wa utumwa mwaka 1821, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza na kushushwa Sierra Leone, akabatizwa Samuel Crowther, na mwaka 1864 akawa Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana. Alisimamia tafsiri ya Biblia kwa Kiyoruba. Jina la ubatizo alilipokea, lakini lile alilokuja nalo hakuliacha. Leo anaitwa Samuel Ajayi Crowther.

Tuje kwa mapacha, maana hapo Wayoruba wana mengi. Kupata mapacha ni jambo la kawaida sana kwao. Mji wa Igbo-Ora, jimbo la Oyo, hujiita makao makuu ya mapacha duniani. Anayetoka wa kwanza ni Táíwò, “aliyeonja dunia”. Wa pili ni Kẹ́hìndé, “aliyekuja nyuma”. Msomaji wa Kisukuma au Kinyamwezi atasema, haya, ni Kulwa na Doto. Mganda atasema Wasswa na Kato. Ndiyo, lakini subiri. Kwetu Kulwa ndiye mkubwa. Kwao mkubwa ni Kehinde, yule aliyechelewa. Maelezo yao ni kwamba mkubwa hamtumikii mdogo: Kehinde alimtuma Taiwo atangulie akaangalie dunia ikoje, na kilio cha Taiwo ndiyo taarifa kwamba njoo, panakalika. Kwa hiyo ukiwa na mapacha wa Kiyoruba mezani, usimpe Taiwo nafasi ya mkubwa kwa sababu alimtangulia mwenzake dakika kumi. Utarekebishwa.

Na anayezaliwa baada ya mapacha, hata akiwa peke yake, ni Ìdòwú, kama Shija kwa Wasukuma. Anayemfuata huyo ni Àlàbá. Idowu anasifika kwa utundu; wanamwita Èṣù wa nyuma ya mapacha, na Èṣù ndiye mungu mwenye njia panda na vurugu zake. Zamani pacha mmoja akifa, ilichongwa sanamu ndogo ya mti, ère ìbejì, ikaogeshwa, ikavishwa, ikalishwa sawa na yule aliyebaki. Nyingi zimo kwenye makumbusho ya Ulaya zimesimama nyuma ya vioo bila ndugu zao.

Hapa nitoe ushauri kwa wazazi wanaopenda kuchukua majina ya mbali. Chukua Ayo, chukua Temitope, hakuna atakayekulaumu. Usimpe mtoto aliyezaliwa peke yake jina la Taiwo kwa kuwa linasikika vizuri. Kila Myoruba atakayekutana naye maisha yake yote atamuuliza, “Kehinde yuko wapi?”

Karibu na haya yapo majina ya tukio, nayo yatakuwa mepesi kwako kwa sababu tunayo. Sisi tuna Mwanaidi na Chausiku, wao wana Abíọ́dún, aliyezaliwa wakati wa sikukuu, na Abíọ́nà, aliyezaliwa njiani. Bámidélé, “nifuate nyumbani”, ni jina la kuzaliwa mbali na kwao, na ndilo kirefu cha Dele Alli, mchezaji aliyezaliwa Milton Keynes, Uingereza. Tòkunbọ̀ ni aliyerudi kutoka ng'ambo ya bahari. Jina hilo la heshima limepata mkosi: Nigeria nzima sasa tokunbo ni gari lililotumika Ulaya au Marekani likaletwa bandarini Lagos, kama haya yetu ya kutoka Japani.

Babátúndé, baba amefika tena, na Yétúndé au Ìyábọ̀, mama amerudi, hupewa mtoto aliyezaliwa babu au bibi akiwa ametangulia mbele ya haki. Kwetu mtoto wa namna hiyo ni somo wa babu, na tunamtania kwa utani wa babu. Kwao inakwenda mbele kidogo: ni babu mwenyewe karudi, na mtoto atashikwa mkono kwa adabu hata kama hajaota meno.

Hatua ya 5: Ukikuta jina la mkosi, usicheke na usilihurumie haraka

Utakutana na majina haya: Málọmọ́, usiende tena. Dúrójayé, kaa ule maisha. Bánjókòó, kaa nami. Rótìmí, simama pamoja nami. Kòkúmọ́, hafi tena. Kòsọ́kọ́ linatisha zaidi, na umeshapata zana ya kulifungua: kò sí ọkọ́, hakuna jembe. Jembe la nini? La kuchimbia kaburi. Mtoto anaambiwa, ukifa safari hii hatuna cha kukuzikia. Mmoja wa wafalme wa Lagos aliitwa hivyo, Oba Kosoko, aliyetawala tangu 1845 hadi Waingereza walipoupiga mji kwa mizinga na kumwondoa mwaka 1851.

Haya ni majina ya àbíkú, “aliyezaliwa afe”. Imani ni kwamba mtoto ni yule yule, anakuja na kuondoka, ana miadi na wenzake huko atokako. Jina ni mazungumzo naye: anabembelezwa, anatishwa, anasutwa. Sisi tuna Mashaka, Tabu na Shida, na kila mmoja wetu anamjua bibi mwenye jina la namna hiyo ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza limetoka wapi.

Mfano unaojulikana Nigeria nzima ni wa Moshood Kashimawo Olawale Abiola, tajiri wa Abeokuta aliyeshinda uchaguzi wa rais wa 12 Juni 1993, jeshi likaufuta, naye akafia kizuizini mwaka 1998. Soma hilo jina la katikati polepole. Ká ṣì máa wò ó. Hebu kwanza tuendelee kumtazama. Alikuwa mtoto wa 23 wa baba yake na wa kwanza kuuvuka utoto. Baba aliyekwishazika wote hao hakuwa na nguvu ya kutoa jina la shangwe, alisema tumtazame. Inasimuliwa kwamba jina la Moshood lilikuja baadaye sana, kijana alipofika miaka 15 na ikaonekana kweli amekaa. Huko mbele kuna Ọláwálé, heshima imekuja nyumbani, na Abíọ́lá, aliyezaliwa ndani ya heshima. Yasome kwa mfuatano, unaona nyumba ikivuta pumzi.

Hatua ya 6: Angalia kama jina si lako mwenyewe

Umeona Moshood? Litamke tena. Ni Masoud. Wayoruba wengi ni Waislamu, na majina ya Kiarabu yamepita mdomoni mwao kama yalivyopita mdomoni mwetu, kila mmoja akayapinda kwake. Jimoh ni Juma. Buraimo ni Ibrahimu. Lamidi ni Abdulhamidi, Lasisi ni Abdulazizi, Risikatu ametokana na riziki. Kabla hujatafuta kichwa na mkia, lisome jina kwa sauti na usikie kama halikukumbushi mtu wa Tanga.

Hatua ya 7: Oríkì liache kwa wenyewe

Mtu anaweza kuwa na jina moja zaidi lisiloandikwa kwenye kitambulisho: oríkì, jina la sifa. Kwa wanaume ni kama Àkànní, Àjàní, Àyìndé, Àlàó. Kwa wanawake Àbẹ̀kẹ́, aliyeombwa ili adekezwe. Àṣàkẹ́, aliyeteuliwa adekezwe. Àdùnní, mtamu kuwa naye. Mwanamuziki Asake ni mwanamume mwenye jina la jukwaani la kike kabisa, na amesema ni la mama yake.

Oriki huitwa na mama, bibi, shangazi, mtu aliyekuzidi umri, tena kwa wakati wake: kukuamsha, kukutuliza, kukushukuru, kukutuma kitu kigumu. Likiitwa ipasavyo mtu mzima hulegea kama mtoto. Hayo sikuyajua. Dada mkubwa wa Mama Ayo alipokuja kumtembelea nilimsikia akimwita Àbẹ̀kẹ́, nikaona jina tamu, kesho yake kwenye lifti nikamsalimu, “Habari za asubuhi, Abeke.” Ghorofa nne tulishuka kimya. Mlangoni akaniuliza, bila hasira, “Wewe ni mama yangu?”

Mkubwa kwao haitwi jina kavu, kama kwetu. Ni Ìyá fulani, Bàbá fulani, kwa jina la mtoto, na anasemeshwa kwa wingi, ẹ badala ya o. Mke aliyeolewa hawaiti kwa majina hata wadogo wa mumewe waliozaliwa kabla yeye hajaingia nyumba ile, kwa kuwa wamemtangulia humo. Anawabunia majina yake: Adúmáradán, mweusi wa mwili unaong'aa. Ukiolewa huko, anza kufikiri mapema.

Hatua ya 8: Jaribu peke yako

Jaribu jina la mwandishi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1986: Akinwande Oluwole Babatunde Soyinka. La pili, la tatu na la nne umeshayaweza. Kwenye la kwanza una akin, kisha wá, ambayo hapa ni kutafuta, na ile mi iliyofinywa, na dé.

Gumu zaidi ni la mwanamuziki Fela, mwana wa yule Funmilayo. Miaka ya 1970 alilitupa Ransome kwenye Ransome-Kuti akatia Aníkúlápó. A ni “yule”. Ní ni “kuwa na”. Ikú ni kifo. Kisha ní tena, sasa kwa maana ya “katika”, ila mbele ya irabu isiyo i hugeuka l, na àpò ni mfuko. Yule mwenye kifo mfukoni mwake.

Ukishindwa, kuna kamusi ya majina mtandaoni, YorubaName, inayotenganisha vipande na kukusikilizisha matamshi. Na tafsiri yako ikipingana na ya mwenye jina, ya mwenye jina ndiyo sahihi. Yeye ndiye aliyehadithiwa na bibi yake.

Hatua ya 9: Ukialikwa siku yenyewe, nenda na jina mfukoni

Mtoto hupewa jina siku ya nane. Zamani wengi walihesabu tisa kwa mvulana, saba kwa msichana, nane kwa mapacha. Sasa nane imewameza wote. Nenda asubuhi na mapema, na usiende mikono mitupu.

Mezani utakuta maji, chumvi, asali, mawese, mbegu za kola ambazo ni obì, kola chungu ambayo ni orógbó, na ataare, ganda dogo lililojaa vijimbegu vikali. Kila kimoja huonjeshwa mtoto kidogo, au huguswa tu mdomoni, kisha hupitishwa kwa wageni, na kila kimoja kina dua yake. Maji hayana adui. Asali ni utamu wa maisha. Orógbó ni mchezo wa maneno, kwa kuwa gbó ni kuzeeka: aishi azeeke. Ataare ina mbegu nyingi, naye awe na watoto wengi. Ataare usiitafune yote kwa kujionyesha.

Kisha huja bakuli. Wazee huanza kutaja majina, kila anayetaja anaweka pesa, na mtoto mmoja anaweza kuondoka na majina kumi. Baba ataandikisha matatu. Mengine yatabaki kwa walioyatoa, na shangazi yule atamwita kwa jina lake yeye mpaka afe.

Mama Ayo alipojifungua mara ya pili tulialikwa. Babu alikuwa Ibadan, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mawese, picha ikiganda na kuachia. Bakuli likafika kwangu. Nilikuwa sijajiandaa, nikatia noti, nikasema neno la kwanza lililonijia: “Furaha.”

Wakamtafsiria babu. Kicheko kikaanza kule kwenye simu, kikaenea sebule nzima, na mimi ndipo nikakumbuka jina la binti aliyekuwa amekaa karibu yangu akilamba asali kidoleni. Nikaomba nibadilishe. Babu akakataa, akainua mkono watu wanyamaze, akasogea karibu na kamera mpaka likabaki sikio na nusu ya kofia.

“Ayọ̀dèjì,” akasema.